Kutoka "Vumilia" hadi "Zingatia": Lugha ya Tiba kwa Akina Mama wa Watoto Wenye Ulemavu Mitaani Eastlands

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kuwafariji akina mama wa watoto wenye ulemavu katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, na kuuliza iwapo tiba ya uzingatifu inaweza kuwafikia kwa Kiswahili. Huenda msomaji akashangaa mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika uwanja wa wanasaikolojia. Jibu letu ni kwamba tiba hii haina sindano wala kidonge. Chombo chake ni maneno, na maneno ndiyo kazi yetu.

Tiba hii iliasisiwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Aliwakusanya wagonjwa wenye maumivu sugu, akawapa mafunzo yaliyochota kutoka taamuli ya Kibudha lakini yasiyo na ibada. Mtu hufunzwa kuielekeza akili yake kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa, iwe pumzi, mwili au wazo linalopita, bila kukihukumu. Mwaka 2002 Segal, Williams na Teasdale walichapisha kitabu kuhusu namna ya kuitumia kwa watu wanaorudiwa na sonona. Kwa mada yetu, utafiti wenye uzito zaidi ni ule wa Elisabeth Dykens na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014. Walishirikishwa akina mama 243 wa watoto wenye usonji na ulemavu mwingine, kwa majuma sita. Makundi yote mawili yaliyolinganishwa yalipata nafuu, lakini kundi la uzingatifu lilipungukiwa zaidi na sonona na wasiwasi, na usingizi wao ukawa bora. Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba walioyaongoza makundi hayo hawakuwa madaktari. Walikuwa akina mama wenye watoto wa namna hiyo hiyo, waliopewa mafunzo.

Sasa turejee Eastlands. Ghorofa nyingi za Umoja, Kayole na Pipeline hazina lifti. Mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo hupandishwa mgongoni, na mgongo huo ni wa mama yake. Anapofika juu akihema, jirani humwambia: "Vumilia, mama." Mwingine humwambia ajikaze. Wa tatu, mwenye huruma kuliko wote, humwambia: "Usiwaze sana." Hatusemi kwamba maneno haya ni mabaya, yamewavusha wengi. Hata hivyo, kisarufi yote ni amri, na kila amri inamtaka mama aufiche uchungu wake: auvumilie, aukaze, asiuwaze. Hakuna hata moja inayomwuliza uchungu huo uko wapi. Kwa hiyo, mshauri atakayekuja na tiba ya uzingatifu akaitafsiri kwa "tulia, usiwaze" atakuwa amempa mama lile lile alilokwisha kupewa ngazini.

Fasihi yetu imeligusa suala hili. Katika Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, riwaya iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari za Kenya, Mwalimu Majisifu na mkewe Dora wana watoto wenye ulemavu. Baba ana ulevi wa kukimbilia. Mama ana nyumba. Wahakiki wengi, tukiwemo sisi tulipokuwa shuleni, tumemjadili Majisifu kama mwizi wa mswada na kumpita Dora kwa haraka. Nadhani Dora anastahili tasnifu yake mwenyewe.

Tuangalie istilahi. "Kutafakari" hakufai, kwa sababu mama huyu tayari anatafakari hadi alfajiri. "Utulivu" unaahidi kitu ambacho tiba haiahidi. Mtu anaweza kuzingatia moyo unaokwenda mbio bila moyo huo kutulia. "Uangalifu" unanukia hadhari ya barabarani. "Kuzingatia" kunabeba maana ya kulishika jambo akilini bila kuliacha lipite, na ndiyo sababu tumependekeza "uzingatifu", ijapokuwa neno hili nalo lina sauti ya mwalimu mkuu akisoma kanuni za shule.

Pengine jibu haliko kwenye istilahi hata kidogo. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza akina nyanya kutoa ushauri wakiwa wameketi kwenye benchi katika mtaa wa Mbare, Harare. Ingawa tiba yao si ya uzingatifu, waliuanzia kwenye neno la Kishona, "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Kiswahili cha Eastlands kinayo hazina kama hiyo: kichwa kimejaa, kifua kimebana, moyo mzito, nimechoka roho. Misemo hii tayari inataja mahali mwilini. Mama anayesema kifua kimebana ameanza zoezi kabla ya kufundishwa. Pia inamwepusha na jina la Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910, ambalo mitaani limegeuzwa tusi kiasi kwamba wengine huogopa kuonekana na mshauri yeyote.

Jambo jingine ni majina. Kibali cha kudai lugha ya heshima kimo katika Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Tumejifunza kuacha "kiwete" na "kilema". Lakini nimesikia mtaani mama akiitwa kwa jina la kitinda mimba wake mzima, ilhali kifungua mimba, mwenye ulemavu, yupo. Mama anapoulizwa kuhusu mwanawe, jina la mtoto huyo litajwe kwanza.

Pana hatari ya tiba hii kugeuka "vumilia" mpya iliyovaa koti la kisayansi. Ruzuku ya Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na pumzi haimbebi mtoto hadi orofa ya tano. Atakayefundisha uzingatifu bila kumsaidia mama kuandikisha mtoto wake kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu amefanya nusu ya kazi.

Tunapendekeza zoezi la Segal na wenzake la dakika tatu lijaribiwe katika vyama vya akina mama, kabla ya mchango kukusanywa, likiongozwa na mmoja wao kwa maneno kama haya:

"Mama, keti ulivyo. Kifua kimebana? Kichwa kimejaa? Kitaje tu, usikifukuze. Sasa ifuate pumzi yako inavyoingia na inavyotoka. Akili ikikimbilia kodi ya nyumba, ijue imekwenda, uirudishe polepole. Mwisho sikia mwili wote, miguu sakafuni, mgongo uliombeba mtoto. Usiulaumu. Fungua macho."