SOMO LA MAKATIBU: ONYO LA UONGO KATIKA KOMPYUTA YA CHAMA



Tangu vyama vyetu vilipoanza kutumia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, kompyuta imekuwa chombo cha ofisi kama ulivyo mzani na daftari la mapokezi. Nywila ya katibu ni ufunguo wa kasha la chama. Somo hili lahusu hila moja ya kuuiba ufunguo huo.

Hila yenyewe

Tuseme katibu mmoja hapa Iyunga anatafuta bei ya kahawa mtandaoni. Ghafla ukurasa waujaza uso wote wa kompyuta, king'ora chalia, na maandishi mekundu yasema: "Kompyuta ina virusi. Usiizime. Piga simu namba hii." Jina la kampuni kubwa kama Microsoft hutajwa ili kutisha. Ukweli ni kwamba ukurasa wa mtandao hauwezi kuikagua kompyuta yako. Hilo ni tangazo lililochorwa tu. Microsoft wenyewe wameeleza kwamba maonyo yao ya kweli hayana namba ya simu. Hila hii ni ndugu wa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii": zote mbili hutegemea haraka na hofu.

Hatua za kuchukua

1. Usibonyeze kitu chochote ndani ya onyo, wala usipige simu.
2. Funga kivinjari kwa kubonyeza Alt na F4 pamoja. Kikikataa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izimike.
3. Ukiiwasha tena, kataa kurudishiwa kurasa za awali.
4. Katika mipangilio ya kivinjari, futa ruhusa ya kutuma taarifa kwa kila tovuti usiyoijua.
5. Kagua kompyuta kwa programu yake ya kuzuia virusi.

Kuliona onyo tu, kwa kawaida, hakuleti madhara. Madhara huanza pale mtu anapomtii mwizi.

Ikiwa umekwisha kumtii

Kata mtandao mara moja. Ondoa programu yoyote uliyoelekezwa kuiweka, hasa ile inayomwezesha mtu wa mbali kuiendesha kompyuta. Badilisha nywila zote kwa kutumia kompyuta nyingine. Iarifu benki ya chama siku hiyo hiyo, kisha Mwenyekiti na polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahusika. Namba ya simu ya tapeli wa hapa nchini iripotiwe kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Usifiche jambo kwa kuona haya: fedha za mkulima hupotea zaidi katika saa za kimya.

Kinga ya chama

Malipo ya benki mtandaoni yaandaliwe na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine, kila mmoja na nywila yake, kama zilivyo saini mbili katika hundi.

Maswali ya majadiliano

1. Katika chama chenu, ni nani ajuaye nywila zote? Je, ni salama?
2. Namba ya simu ya benki yenu imebandikwa wapi ofisini?