Redio ya kwetu ikipanda setilaiti, Kishushe itasikia?

Kwa mkazi wa Kishushe, redio ina kazi nyingi kuliko kupiga muziki. Ndovu wakivuka kutoka Mbuga ya Tsavo Magharibi na kukaribia mashamba, siku ya chanjo ya mifugo ikisogezwa, fomu za basari zikikaribia tarehe ya mwisho, au kikao cha maoni kuhusu madini ya chuma kikihamishwa kutoka shule moja hadi nyingine, habari hiyo ina thamani ikisikika leo. Ikifika baada ya siku tatu imekuwa hadithi.

Ndiyo maana kuna swali linalofaa kuulizwa mapema. Kituo cha redio cha hapa kaunti kikiamua kurusha matangazo yaleyale, kwa wakati mmoja, kwenye FM na kwenye setilaiti ya kulipia, mtu wa Kishushe anapata nini? Wengi hudhani jibu ni rahisi: setilaiti iko juu, kwa hivyo kila mtu atasikia. Nusu ya jibu hilo ni kweli.

Tuanze na mlima. Mawimbi ya FM, yale ya kati ya 88 na 108 kwenye redio, husafiri karibu kama mwanga wa taa. Yanaenda mbele moja kwa moja, na yakikuta mlima yanaacha kivuli nyuma yake. Kaunti ya Taita Taveta ina milima mitatu mikubwa inayosimama peke yake juu ya tambarare: Dawida, Sagalla na Kasigau. Kilele cha juu zaidi cha Dawida ni Vuria, chenye urefu wa mita 2,208, na ndiyo sababu kuna minara ya mawasiliano huko juu. Mnara uliowekwa juu huona mbali. Hata hivyo, huona mbali kuliko unavyoona miguuni pake, na mtu aliye bondeni nyuma ya mgongo wa mlima anaweza kukosa kituo ambacho aliye mbali zaidi, kwenye uwanda ulio wazi, anakipata vizuri.

Kishushe iko chini ya Dawida, upande wa kaskazini magharibi, ukielekea Tsavo. Kati yake na mji wa Voi kuna Mbololo na mabega ya Dawida. Redio zinazojulikana zaidi hapa kwetu, kama Mwanedu FM, Anguo FM na Sifa FM Voi, zinatumia masafa hayohayo ya FM yasiyopenda mlima. Mkazi anayelalamika kwamba kituo kinasikika akiwa kwenye kiinuko na kutoweka akishuka nyumbani hana redio mbovu. Amesimama kivulini.

Setilaiti inatatua jambo hilo moja vizuri sana. Setilaiti za matangazo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa umbali huo huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia, kwa hivyo ukiitazama kutoka hapa ni kama imepigiliwa msumari angani. Kwa sababu tuko karibu na ikweta, mawimbi yake hutuangukia kutoka juu, si kutoka ubavuni. Ndiyo maana dishi nyingi za runinga ya kulipia katika kaunti hii zimeelekezwa karibu utosini. Hakuna mgongo wa Dawida unaoweza kukinga mawimbi ya namna hiyo. Mtu wa Kishushe na mtu wa Voi wanapata kitu kilekile, kwa ubora uleule.

Afrika iliwahi kujaribu redio ya setilaiti, tena kabla ya nchi tajiri. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti iitwayo AfriStar ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ilikuwa mali ya kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Wazo lake lilikuwa zuri na bado ni zuri: bara lenye vijiji vilivyotawanyika na minara michache lifikishiwe habari za afya, hasa za UKIMWI, moja kwa moja kutoka angani. Marekani, kwa kulinganisha, ilipata huduma yake ya kwanza ya redio ya setilaiti, XM, mwaka 2001.

AfriStar ilikaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 21 mashariki. Kutoka Kishushe mtu angeelekeza antena upande wa magharibi na kuiinua sana, kama robo tatu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Magharibi ya Kishushe ni tambarare. Pangekuwa mahali pazuri pa kuisikiliza.

Kenya ilinufaika na mpango huo. Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo siku hizi ni KICD, ilitumia setilaiti hiyo kupeleka vipindi vya masomo kwa shule za msingi za umma. Wataalamu wa hali ya hewa nao, kupitia mradi wa RANET, waliitumia kupeleka utabiri na takwimu za mvua hadi mashinani. Walichofanya RANET kinastahili kukumbukwa. Hawakumtaka kila mkulima anunue redio ya setilaiti. Habari ilishushwa kutoka angani hadi sehemu moja yenye kipokezi, kisha ikatangazwa tena kwa redio ndogo ya FM ya jamii, kwa lugha ya watu wa hapo. Kangema, katika Kaunti ya Murang'a, ni mojawapo ya mahali palipopata kituo cha aina hiyo. Mkulima wa huko alihitaji tu redio aliyokuwa nayo tayari.

Kwa upande wa biashara, mambo hayakwenda hivyo. Redio za WorldSpace zilikuwa za pekee: zilihitaji antena yake ndogo bapa, na bei ya mwanzo ilizidi dola 100, wakati ambapo redio ya kawaida ya betri ilipatikana kwa sehemu ndogo tu ya pesa hizo. Baadaye idhaa nyingi zikafungwa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Oktoba 2008 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na kufikia mwisho wa mwaka 2009 huduma ya kulipia ilikuwa inafungwa India, ambako ilikuwa na wateja wengi kuliko kwingine. Redio zile hazikuweza kugeuzwa zisome setilaiti nyingine. Kifaa kizima, kisicho na ubovu wowote, kikabaki pambo la kabati.

Huko Marekani redio ya setilaiti ilidumu, na kampuni mbili zilizoshindana, XM na Sirius, ziliungana mwaka 2008. Baadhi ya vituo vya mjini vilipandishwa huko juu jinsi vilivyo; WLW ya Cincinnati ni mfano mmoja. Aliyefurahi zaidi ni mtu aliyehama, dereva wa lori aliye umbali wa majimbo matano anayesikia mchezo wa timu ya kwao. Msikilizaji wa palepale Cincinnati hakupata kipya. Tayari alikuwa na kituo hicho bure. Wenye vituo vidogo nao walihofia kwamba kampuni za setilaiti zingeanza kuuza matangazo ya biashara ya mtaani na kuwanyang'anya riziki. Kwa sababu hiyo minara ya ardhini inayosaidia setilaiti mijini iliwekewa sharti la kurudia tu kile kinachotoka angani, bila kuanzisha vipindi vya mahali hapo.

Kenya ina historia yake ya vituo vya bure ndani ya ving'amuzi vya kulipia, ingawa ni ya runinga. Kanuni iliwataka wenye ving'amuzi wabebe vituo fulani vya bure. Wenye vituo walipinga, na shauri likafika Mahakama ya Juu, katika kesi ya Tume ya Mawasiliano ya Kenya na Royal Media Services na wengine. Septemba 2014 mahakama iliamua kwamba kubeba vituo hivyo chini ya kanuni hiyo hakukuwa kuvunja haki za wenye kazi. Miezi michache baadaye, Februari 2015, mitambo ya zamani ya runinga ilipozimwa na baadhi ya vituo vikubwa kukosekana hewani kwa siku kadhaa, nyumba nyingi ziligundua jinsi ilivyo rahisi kukosa habari pale njia ya kuifikia inapokuwa mikononi mwa wachache. Redio ya FM haikuguswa na uhamisho huo. Ilibaki njia ambayo mtu hahitaji kadi, akaunti wala nambari ya siri kuitumia.

Sasa turudi nyumbani. Tuseme kituo cha Voi kinawekwa kwenye king'amuzi cha kulipia. Mtu wa Taita aliye Nairobi, Eldoret au Mombasa mwenye king'amuzi hicho atakisikia, na ni jambo jema. Ingawa wengi wao tayari wanaweza kusikiliza vituo kupitia intaneti. Kishushe, nyumba yenye dishi, runinga, umeme au sola ya kutosha, na malipo ya mwezi yasiyokatika itakisikia pia, tena kwa sauti safi. Nyumba isiyo na hayo itabaki kivulini ilipokuwa. Na mchungaji aliye malishoni, ambaye pengine ndiye anayehitaji kusikia kuhusu ndovu kuliko mtu yeyote, habebi dishi.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana. Kituo kinachosikika nchi nzima kina vishawishi vyake. Mwenye tangazo la biashara kutoka Nairobi hataki kusikia dakika kumi za Kidawida kuhusu bomba la maji lililopasuka Mghambonyi. Kidogo kidogo ratiba hubadilika, na kituo kilichopanda ili kiwafikie watu wa kwao walio mbali kinaanza kuwasahau walio karibu. Halitokei kila mahali, lakini wasikilizaji wana haki ya kuuliza mapema ni saa ngapi za vipindi vya mtaani zitabaki.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatoa kipimo kizuri cha kupimia haya yote. Kifungu cha 95 kinaitaka kaunti iweke njia za mawasiliano na umma zinazowafikia watu wengi zaidi katika kaunti, na kinataja runinga, vituo vya teknolojia ya habari, tovuti, redio za jamii, mikutano ya hadhara na vyombo vya jadi. Swali la sheria hiyo linahusu idadi ya watu wanaofikiwa, wala haliulizi ni chombo gani cha kisasa zaidi. Kwa kipimo hicho, tangazo la kaunti lililosomwa kwenye idhaa ya kulipia pekee halijawafikia wananchi wa kutosha. Likisomwa kwenye FM, likabandikwa ofisi ya chifu na kutangazwa barazani, idhaa ya setilaiti ni nyongeza ya faida.

Kwa Kishushe jambo hili lina uzito wa pesa pia. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Vikao vya kuamua mambo kama hayo huitishwa kwa tangazo. Mtu ambaye hakulisikia hana namna ya kuhudhuria, na jina lake halitakuwa miongoni mwa waliotoa maoni. Anayesikia hivyo asione aibu kuuliza barazani: tangazo la kikao hiki lilisomwa kituo gani, saa ngapi, na je, kituo hicho kinasikika huku?

Njia waliyotumia RANET ndiyo inayoonekana kutufaa zaidi. Setilaiti au intaneti ifikishe matangazo hadi sehemu moja ya juu inayoiona Kishushe, kisha mtambo mdogo wa FM uyashushe kwenye redio ambazo watu wanazo tayari. Mtambo kama huo, hata ukiwa mdogo, unahitaji leseni na masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa hivyo si jambo la mtu mmoja kujifungia nyumbani.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna la kufanya kwa gharama ndogo. Simu ya kabambe yenye redio ya FM haihitaji bando, ila kwa simu nyingi lazima waya wa masikioni uchomekwe, kwa sababu waya huo ndio antena. Redio ya mezani yenye tundu la antena ya nje inaweza kusaidiwa na vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja sentimita 75, vilivyonyooshwa kinyume kimoja na kingine, na katikati viunganishwe na waya wa antena ya runinga unaoshuka hadi kwenye redio. Vifungwe juu ya mti mkavu au nguzo ya mbao, mbali na nyaya za umeme. Jaribu kuvisimamisha wima, kisha kuvilaza, na uache vile sauti inavyokuwa safi zaidi. Hata mita tatu za kimo zinaweza kumtoa mtu kivulini. Mawingu ya radi yakikusanyika, chomoa waya huo kwenye redio na uuache nje.