Nyimbo za Milimani na Wanaozifundisha kwa Vijana

Mwezi huu tutajifunza habari za watu wakaao mbali nasi, lakini jambo lao si geni kwetu. Kila mwalimu wa kwaya aliyepata kuketi na mzee ili apokee wimbo usioandikwa popote analifahamu. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, wimbo wake huzikwa pamoja naye.

Katika Marekani, upande wa mashariki, kuna safu ya milima iitwayo Appalachian, ambayo urefu wake wapita maili 1,000. Katika karne ya 18 watu wengi wa Scotland, Uingereza na kaskazini ya Ireland walikwenda kukaa katika mabonde yake, wakachukua nyimbo zao za masimulizi na fidla zao. Nao watumwa waliotolewa Afrika Magharibi walileta banjo, maana asili ya chombo hicho ni kibuyu kilichowambwa ngozi, kikatiwa mti wa shingo na nyuzi. Basi muziki huo una wazazi wawili. Asemaye kwamba ni wa watu weupe peke yao hajui ukoo wake.

Mwaka 1916 Mwingereza Cecil Sharp, pamoja na Maud Karpeles, alianza kuzunguka milimani akiandika nyimbo zilizotoka kwao Uingereza. Hata mwaka 1918 walikuwa wamekusanya sauti zaidi ya 1,500. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini wimbo uliomo kitabuni ni kama mbegu iliyomo ghalani: haijaoza, wala haijaota. Na nje ya ghala mambo yalikuwa yakibadilika. Yalikuja machimbo ya makaa ya mawe, kisha gramafoni na redio, na vijana wengi wakaona haya kuimba nyimbo za babu zao. Basi ni nani walioipanda mbegu hiyo? Tutazame watatu.

1. Nyumbani. Jean Ritchie alizaliwa mwaka 1922 huko Viper, Kentucky, kitinda mimba wa watoto 14. Baba yake alikuwa na dulsima, chombo cha nyuzi kilazwacho mapajani, naye aliwakataza watoto wasikiguse. Yule mdogo akakichukua kwa siri, akatafuta sauti peke yake. Baadaye baba mwenyewe akamfundisha. Alipokuwa mtu mzima alikwenda New York, akawafundisha watoto wa mji ule mkubwa nyimbo za nyumbani kwao. Mwaka 1952 alivuka bahari kutafuta chimbuko la nyimbo hizo. Alifariki mwaka 2015.

2. Kwa mzee. Joe Thompson, mtu mweusi, alizaliwa mwaka 1918 karibu na Mebane, North Carolina, mashariki ya milima hiyo. Alifanya kazi katika kiwanda cha samani, na fidla alijifunza kwa baba yake. Binamu yake Odell alipiga banjo, lakini alifariki mwaka 1994, na mzee akabaki karibu peke yake katika desturi ile. Mwaka 2005 wapenzi wa banjo ya watu weusi walikutana katika mji wa Boone, milimani. Baada ya hayo vijana watatu, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, wakaanza kwenda nyumbani kwa mzee huyo kila juma. Hakuwaeleza mengi. Alipiga, nao wakamfuata. Akarudia, nao wakarudia. Alipofariki mwaka 2012, muziki wake ulikuwa umekwisha kusikiwa katika nchi nyingi. Hebu tufikiri: kama vijana hao wangalichelewa miaka saba, wangalikuta kaburi.

3. Shuleni. Helen White alikuwa mshauri wa watoto katika shule ya Sparta, North Carolina, naye alipiga fidla. Mwaka 2000 alianzisha darasa la jioni, baada ya masomo, ambapo watoto hufundishwa fidla, banjo na gitaa kwa desturi ya milimani. Kazi hiyo ikaenea katika shule nyingi za majimbo ya jirani. Yeye alifariki mwaka 2019, lakini madarasa hayakufa pamoja naye.

Sasa tuangalie namna ya kufundisha. Mwalimu hupiga kipande kifupi polepole, na mtoto hukirudia kwa kusikia tu, bila karatasi. Kisha hukiunganisha na kingine. Mara ajuapo nyimbo mbili tatu, huketishwa pamoja na wakubwa apige nao. Hivyo hujifunza sauti, na tena hujifunza kusikiliza wenzake.

Lakini liko neno la kuangaliwa. Darasani watoto wengi hupokea wimbo kwa mwalimu mmoja, nao huupiga wote kwa namna moja. Hali zamani kila bonde, hata kila nyumba, lilikuwa na namna yake. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara hafanyi darasa kuwa mwisho wa safari. Humshika mtoto mkono, humpeleka kwa mzee, na yeye mwenyewe huketi chini asikilize.

Nasi tunao wazee. Yafaa kila mwalimu, kabla ya mwezi huu kwisha, amwendee mmoja pamoja na kijana mmoja, wala asiende na kalamu tu.

Maswali ya kujadiliana

1. Wimbo ulioandikwa wapungukiwa na nini?
2. Kwa nini vijana waliona haya juu ya nyimbo za babu zao? Je, kwetu ni vivyo hivyo?
3. Yapi hufunzwa nyumbani, na yapi shuleni?
4. Ni mzee yupi katika mtaa wenu ambaye hajaulizwa bado?