Vijana wanataka sebene, wazee wanataka kitabu

SWALI: Napiga kinanda kwenye kwaya ya usharika wetu. Vijana wanataka sebene, wazee wanataka nyimbo za kitabuni, nami nayumba tu. Nitapataje msimamo wangu kuhusu muziki wa kanisa?

JIBU: Usianzie kwenye mitindo. Jiulize kwanza: waumini wanapoimba, kinanda chako kina kazi gani? Wakristo hawajawahi kukubaliana hapo. Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, alikiri kwamba wakati mwingine sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, akajihesabu mkosaji; hata hivyo hakutaka uimbaji uondolewe. Luther aliuweka muziki jirani kabisa na teolojia. Zwingli, mwanamatengenezo mwenzake wa Uswisi, ambaye mwenyewe alikuwa fundi wa ala kadhaa, aliuondoa katika ibada za Zürich. Na wote walisoma Biblia ileile!

Mimi niko na Augustino: uimbaji ubaki, lakini sauti isiyafunike maneno. Jumapili ijayo, mkifika ubeti wa pili, punguza sauti ya kinanda usikilize. Wakiendelea kuimba kwa nguvu, unawasaidia. Wakinyamaza, ulikuwa unawaimbia wewe. Sebene linaweza kufaulu jaribio hilo na utenzi wa kale ukafeli, hasa ukianzishwa juu mno hata akina baba wakaishia kufungua midomo tu.

Halafu andika msimamo wako kwa sentensi tatu, uwaoneshe mchungaji na mwalimu wa kwaya mapema. Usisubiri ugomvi uzuke mazoezini.