SOMO LA KAMATI: Mama Anapoomba Hela ya Mkaa



Katika toleo hili tunajifunza kuhusu misaada ya Serikali kwa kaya zinazolemewa na gharama za nishati, pamoja na huduma kwa wanaofanyiwa ukatili majumbani. Mtu anaweza kuuliza mambo haya mawili yanahusianaje. Sisi tuliujua uhusiano wake baada ya kukosea, na ndiyo maana tunaanza na kosa letu wenyewe.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili kamati iweze:
1. Kutambua shida iliyo nyuma ya ombi la mkaa, kuni au umeme.
2. Kutaja milango ya Serikali inayohusika na kila shida.
3. Kumsindikiza mhitaji bila kumwongezea hatari.

KISA CHETU

Katika mojawapo ya sharika zetu, mama mmoja mwenye watoto wanne alifika kwenye kamati ya diakonia akiomba hela ya debe moja la mkaa. Akapewa. Mwezi uliofuata akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu vilevile. Katika taarifa yetu ya robo mwaka tuliandika kwamba kaya moja imesaidiwa nishati ya kupikia.

Mara ya nne alikuja amejifunika kanga hadi usoni. Ndipo ilipojulikana kuwa mume wake ni fundi mwenye kipato, lakini haachi hela ya matumizi, na chakula kikichelewa humpiga. Mkaa wetu ulikuwa unanunua amani ya siku chache tu. Kwa miezi mitatu hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kwa nini nyumba ya fundi haina mkaa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Wazee waliitisha kikao, wakawakalisha mume na mke pamoja, wakamtaka kila mmoja aeleze yaliyo moyoni. Mama akaeleza. Kikao kikafungwa kwa sala na kushikana mikono. Usiku uleule alipigwa kwa sababu ya maneno aliyoyasema mbele ya wazee, akavunjika mkono. Hakuna mzee aliyekuwa na nia mbaya. Lakini sisi ndio tuliomfungulia mama yule kinywa, kisha tukamrudisha nyumbani bila ulinzi.

Hivyo basi, fundisho kuu la somo hili ni hili: umaskini wa nishati na ukatili vyaweza kukaa nyumba moja na kuvaa nguo moja, lakini dawa zake ziko milango tofauti. Kazi ya kamati ni kuuliza vizuri, kisha kumfikisha mtu kwenye mlango wake.

MLANGO WA KWANZA: KAYA ISIYOMUDU GHARAMA ZA NISHATI

Kama kaya kweli haina uwezo, yapo mambo manne ya kufuatilia.

(a) Kuunganishiwa umeme. Vijijini mteja wa kawaida wa njia moja huunganishwa kwa shilingi 27,000, kwa kuwa gharama kubwa inabebwa na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Kinachowakwamisha wengi ni gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kwa nyumba ndogo kipo kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho huiwezesha nyumba kupata umeme bila kutandaza nyaya kila chumba. Kamati iulize ofisi ya TANESCO ya wilaya.

(b) Bei ya uniti. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, yaani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kundi la T1 aliwekewa shilingi 292. Tofauti hiyo ni karibu mara tatu. Wapo wajane wanaopika kwa kuni na kuwasha taa mbili tu, lakini mita yao imewekwa T1 kwa sababu ilisajiliwa na mpangaji wa zamani mwenye matumizi makubwa. Mteja anaweza kuomba matumizi yake yahakikiwe ili abadilishiwe kundi. Aende na namba ya mita.

(c) Nishati ya kupikia. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Chini ya juhudi hizo REA imekuwa ikiuza kwa ruzuku ya nusu bei mitungi ya gesi ya kilo 6 katika wilaya mbalimbali. Lakini tuseme ukweli: ruzuku ni ya mtungi wa kwanza, na kujaza tena ni juu ya kaya. Mkaa hununuliwa hata kwa kopo, gesi haipimwi kwa kopo. Kabla ya kuhimiza gesi, kamati ikae na familia ipige hesabu ya mwezi mzima.

(d) TASAF. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020, haukulipa fedha za mkaa au umeme moja kwa moja, bali ruzuku ya kaya, pamoja na ajira za muda kwa wenye nguvu za kufanya kazi. Majina yalipitia mkutano wa kijiji au mtaa, kisha yakahakikiwa. Hayaingizwi siku yoyote mtu anapoomba. Kwa sababu hiyo mratibu wa TASAF wa halmashauri aulizwe utaratibu ulivyo sasa, na mkutano mkuu ukiitishwa kamati ihakikishe bibi asiyeweza kutembea anatajwa. Wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku (Mdo 6:1-7) hawakuwa wa zamani tu.

MLANGO WA PILI: MTU ANAYEFANYIWA UKATILI

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake ili kumwadhibu. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mke wake kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo fundi mwenye kipato anayeinyima nyumba yake hela ya mkaa anamnyima mke wake haki yake.

Wala tusidhani ni jambo la nyumba chache. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umeonyesha asilimia 40. Imepungua, lakini hesabuni akina mama waliokaa kwenye benchi moja kanisani Jumapili iliyopita.

Huduma zilizopo ni hizi:
- Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Hapo hutolewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, nayo haiuzwi. Majeruhi akiwa na hali mbaya, okoeni uhai kwanza.
- Hospitali. Aliyebakwa afikishwe mapema iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.
- Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na namba ya simu 116 isiyo na malipo.
- Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao humsaidia mama bila malipo kudai matunzo na sehemu yake ya mali.

Aidha, kila usharika ujue kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji au mtaa wake, iliyowekwa chini ya mpango wa taifa ulioanza 2017/18.

Tofautisheni mambo mawili. Usuluhishi wa ndoa una nafasi yake kisheria, na kwa kawaida shauri la talaka hupitia kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Lakini kumjeruhi mtu ni jinai, na jinai haimalizwi kwa wazee kushikanisha mikono.

KAMATI IFANYE NINI

1. Mama akiomba mkaa, mpeni leo, lakini mwulizeni akiwa peke yake, na aulizwe na mwanamke mwenzake: "Nyumbani hela ya matumizi anashika nani? Je, uko salama?"
2. Msiwakalishe pamoja anayepiga na anayepigwa.
3. Msiandike jina lake katika taarifa, wala msilitaje kwenye maombi ya jumuiya.
4. Msindikizeni. Mlango unaomfukuza mama aliye peke yake mara nyingi humsikiliza akiwa na mzee wa kanisa kando yake.
5. Uamuzi wa kuondoka au kubaki ni wake.

KWA WAFADHILI WETU

Nchini kwetu hakuna fungu la fedha taslimu analopewa mama kwa sababu tu amekimbia kipigo, na nyumba salama ni chache. Polisi, hospitali na mahakama vipo, lakini nauli ya kuvifikia haipo. Kwa hiyo tunaomba sehemu ya mfuko wa diakonia ihamishwe kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye nauli, chakula cha siku za kwanza na malazi ya dharura. Tunajua idadi ya "kaya zilizosaidiwa" katika taarifa itashuka. Tunaona ni afadhali idadi ndogo iliyo ya kweli.

Mama yule mkono wake umepona. Anaishi kwa dada yake na watoto watatu. Mkubwa alibaki kwa baba. Shauri la matunzo linaendelea, na mwinjilisti wetu humsindikiza kila linapotajwa. Bado hununua mkaa kwa kopo, kwa hela anayoishika mwenyewe.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika mwaka uliopita, ni kaya zipi zilirudi kuomba msaada uleule zaidi ya mara mbili? Tuliziuliza nini?
2. Nani katika kamati yetu anajua lilipo Dawati la Jinsia lililo karibu, na nauli yake ni shilingi ngapi?
3. Je, akina mama wa usharika wetu wanatuamini kiasi cha kutueleza? Kama hapana, ni kwa sababu gani?

Tunawatakia majadiliano mema. Majibu yenu yaletwe ofisi ya miradi kupitia kwa mchungaji wa usharika.