Mibofyo 200 Si Wateja 200

Boom likiingia, wengi wetu tunageuka wafanyabiashara. Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Kahama, aliamua kuwauzia gambuti wachimbaji wa Katoro na Nyarugusu, akalipia tangazo mtandaoni. Siku ya tatu akanionyesha simu: "Kaka, mibofyo 200!" Nikamuuliza, walionunua wangapi? "Wanne."

Tukakaa na daftari. Wanne kwa 200 ni asilimia 2. Kila mbofyo ulimla shilingi 100, jumla 20,000, kwa hiyo kumpata mnunuzi mmoja kulimgharimu 5,000. Faida yake kwa pea, kabla ya tangazo, ni 4,000. Yaani kila pea aliyouza ilimtia hasara ya 1,000, na yeye anashangilia!

Basi aache? Tusikimbilie huko. Mchimbaji akipeleka kiroba kimoja karashani kikatoa dhahabu nzuri, hajui bado kama duara zima liko hivyo. Mibofyo 200 nayo ni kiroba kimoja. Kitakwimu, wanunuzi wanne kati ya 200 wanaweza kutoka kwenye kiwango halisi chochote kati ya asilimia 0.5 na 5 hivi. Ili asipate hasara, mwenzangu anahitaji asilimia 2.5, ambayo ni 100 gawanya kwa 4,000. Namba hiyo imo humo humo katikati. Kwa hiyo hajafeli, ila hajafaulu pia.

Ukitaka kulipia tangazo, fanya haya matatu.

Kwanza, tafuta kiwango chako cha kurudisha pesa: gharama ya mbofyo gawanya kwa faida ya bidhaa moja.

Pili, weka kikomo mapema. Ukikosa kabisa mnunuzi, chukua 3 ugawanye kwa idadi ya mibofyo: kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi hakizidi hapo. Kwa mwenzangu, 3 gawanya kwa 0.025 ni 120. Mibofyo 120 bila mnunuzi hata mmoja, simamisha. Utakuwa umepoteza 12,000, si boom lote.

Tatu, muulize kila mnunuzi alikuona wapi, halafu usifunge hesabu haraka. Mchimbaji anabofya leo, ananunua siku akiuza dhahabu yake.

Mwenzangu sasa haangalii tena mibofyo kwanza. Anafungua daftari, anahesabu pea zilizotoka, ndipo anaamua kama kesho analipia tangazo au anakula.