Somo: Mwepesi Hewani, Mzito Majini



Somo letu safari hii linahitaji kuku mmoja. Si lazima achinjwe kwa sababu yetu. Ngojeni siku ya wageni, na kabla sufuria haijaenda motoni mkae naye kidogo. Yesu alituagiza tuwaangalie ndege wa angani, nasi wengi tumezoea kuwaangalia wakiwa kwenye sahani.

Vunjeni mfupa wa bawa, ule wa juu unaoshikana na bega. Ndani ni mtupu. Sasa vunjeni wa paja: uboho upo. Mfupa wa bawa una hewa kwa sababu umeunganishwa na vifuko vya hewa vinavyotoka kwenye mapafu na kuenea mwilini. Angalieni pia kidari. Ule mfupa uliosimama katikati kama makali ya panga ndipo misuli ya kurukia inaposhika. Ya kuku ni myeupe, kwa maana yeye huruka kidogo tu akitoroka paka. Ya njiwa ni myekundu, kwani msafiri wa mbali anahitaji damu nyingi.

Ukubwa si kizuizi. Yule korongo mwenye upara, marabu, anayetua kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, mabawa yake yakinyooshwa hupita mita 2. Mchana huzunguka juu ya jiji bila kupiga bawa. Hewa iliyopashwa moto na lami na mabati hupanda, naye hupanda nayo kama abiria asiyelipa nauli.

Lakini wepesi huo ni taabu kwa ndege anayetafuta chakula chini ya maji. Jaribuni kuzamisha jerikeni tupu mtaona. Kibisi, ndege mdogo wa mabwawa, hubana manyoya yake hewa itoke, akazama polepole. Miguu yake iko nyuma kabisa karibu na mkia, kama injini ya boti, hivyo majini ni hodari na nchi kavu anajikokota. Mnandi naye, ambaye wenye vidimbwi vya samaki wanamjua na hawampendi, ana manyoya ambayo kingo zake hulowa upesi. Yale yaliyo karibu na ngozi hubaki makavu, asife baridi. Akitoka majini hutandaza mabawa kama mtu aliyeanika nguo.

Sasa chukueni unyoya mmoja. Upasueni kwa vidole, kisha muulainishe: unajifunga tena kama zipu, kwa sababu una vindoano vidogo visivyoonekana kwa macho. Kile kinundu juu ya mkia, ambacho kina mama wengi hukikata na kutupa, ndiyo chupa yake ya mafuta ya kujipaka. Dondosheni tone la maji juu ya unyoya: linateleza. Upakeni oili chafu ya gari, mdondoshe tena. Nyuzi zimegandamana, vindoano havishikani, maji yanapenya. Kibisi aliyepakwa hivyo hushikwa na baridi, na akijisafisha kwa mdomo anameza sumu.

Hapo ndipo somo linatuhusu. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Dagoretti na Kawangware, unafika katikati ya jiji nyuma ya gereji za Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Halafu unaingia Athi, unateremka Ukambani, na mwishowe unamwagika baharini karibu na Malindi. Oili inayomwagwa kwenye mtaro wa gereji haikai Nairobi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inakataza jambo hili. Ila mafundi wa jua kali ni vijana wetu, na mara nyingi hawana pa kuiweka. Jerikeni kuukuu lenye kifuniko linatosha kuanzia. Wapo wanaoinunua kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Hatupendi sana njia hiyo, na karibu na kisima au kijito msiifanye kabisa.

Mjadiliane: kwenu nani anabadilisha oili ya pikipiki, matatu au posho mili? Ile ya zamani anaipeleka wapi? Mvua ikinyesha, maji ya mahali hapo yanateremkia wapi, na nani anayachota? Mchague wawili wakamtembelee kabla ya mkutano ujao, wakiwa na ule unyoya.